Nasimamia nyumba za umma, lakini sioni tena ninachojenga

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni afisa makazi katika mamlaka moja inayosimamia nyumba za umma. Watu wakisikia cheo hicho hudhani nachora ramani au nasimama kwenye eneo la ujenzi nimevaa kofia ngumu. Sivyo. Nashughulika na wapangaji: nani kalipa kodi na nani ana malimbikizo, bomba la nani linavuja, nani hasemezani na jirani yake kwa ajili ya kelele, nani amefariki na mkataba wake uhamie kwa nani. Siku yangu huanza na simu za malalamiko na kuishia kwenye barua za madai.

Niliingia kazini nikiwa na imani kubwa. Nimekulia kwenye fleti ya umma. Baba alikuwa dereva, mama akishona nguo nyumbani, na kama si ile kodi nafuu, mimi na wadogo zangu tusingemaliza shule. Kwa hiyo nilipochagua cha kusomea sikusitasita. Kwangu maendeleo yalikuwa jambo la wazi: kumtoa mtu kwenye kibanda kinachovuja na kumweka kwenye nyumba yenye maji, choo na mlango unaofungika. Nilijua nitakuwa miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo.

Leo hali ni nyingine. Bajeti ya matengenezo inapunguzwa mwaka baada ya mwaka. Nikiomba mabomba makuu yaliyooza yabadilishwe, nalipwa viraka. Kuna mtoto mwenye pumu ambaye ukuta wa chumba chake umejaa ukungu mweusi. Nimeandika ripoti juu ya chumba hicho tena na tena, na ninachopata ni mtu wa kuja kupaka rangi juu ya ukungu. Wapangaji hawamjui mkurugenzi wala bodi. Wananijua mimi. Mimi ndiye ninayesemwa ngazini, mimi ndiye ninayefungiwa mlango.

Sasa limekuja hili lililoniondolea usingizi. Mtaa mmoja wa zamani katika eneo langu unatakiwa kubomolewa. Mamlaka imeingia ubia na kampuni binafsi. Patajengwa majengo marefu mapya, baadhi ya nyumba zitauzwa kwa bei ya soko, na inasemekana fedha hizo ndizo zitakazogharamia nyumba za umma zitakazobaki. Michoro inapendeza, ina miti na watoto wanaoendesha baiskeli. Mimi nimepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba wapangaji watie saini fomu za kukubali kuhama. Fomu inasema kwamba ujenzi ukikamilika wapangaji wa sasa “watapewa kipaumbele”. Nilimuuliza mkuu wangu kipaumbele hicho kinampa mtu haki gani hasa, na kwa kodi ipi. Akanijibu kwamba hayo yatawekwa sawa baadaye, nisiwatie watu hofu.

Yupo bibi mmoja aliyehamia pale majengo yakiwa mapya. Aliishika ile fomu akaniuliza: “Mwanangu, nikitia saini nitarudi?” Nilimwambia nitafuatilia. Bado hajatia saini, ananisubiri.

Wakati huohuo rafiki yangu niliyesoma naye yuko kwenye kampuni inayojenga majumba ya kuuza. Amenipatia nafasi huko. Mshahara unakaribia mara mbili ya ninaopata na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu ananiambia niende, anasema kazi hii imenifanya niwe mtu wa kuguna tu nyumbani. Mdogo wangu anasema nikiondoka nitakuwa nimewasaliti watu waliotulea. Rafiki yangu hana makuu, ila akipita barabarani huwaonyesha wanawe majengo na kusema hili nilishiriki, na lile nilishiriki. Mimi sina hata moja la kumwonyesha mwanangu.

Shangazi, kazi yangu ina maana gani? Au nimegeuka kuwa mkono wa kuwaondoa watu majumbani mwao huku nikijiambia ninaleta maendeleo?

Mshika Funguo


JIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako ina maswali mawili yaliyosukwa pamoja, na nadhani ndiyo maana yanakulemea. La kwanza ni kama kazi uliyoifanya miaka yote hii ina maana. La pili ni kama uendelee na hii waliyokupa sasa, ya kukusanya saini. Mtu anaweza kujibu “ndiyo” kwa la kwanza na “hapana” kwa la pili bila kujipinga. Hebu tuyatenganishe.

Unasema huna jengo la kumwonyesha mwanao. Nataka tuanze na jengo ambalo mamilioni ya watu waliliona kwenye televisheni, likianguka.

Katika mji wa St. Louis, Marekani, palijengwa mtaa wa nyumba za umma uitwao Pruitt-Igoe. Majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, fleti 2,870. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954. Mchoraji wake, Minoru Yamasaki, alikuwa mtu wa kipaji, na familia nyingi zilizohamia pale zilitoka kwenye vyumba visivyo na maji, zikaona zimefika peponi. Mwaka 1972 majengo ya kwanza yakalipuliwa kwa baruti, na kufikia 1976 hapakuwa na hata moja lililosimama. Kwa miaka mingi watu waliitumia picha ile ya vumbi kama ushahidi kwamba nyumba za umma haziwezekani, au kwamba maskini hawajui kukaa ghorofani.

Ukiisoma habari yake kwa makini unakuta jambo jingine, na wewe utalitambua mara moja. Serikali kuu ilitoa fedha za kujenga. Fedha za kutunza zilitakiwa zitoke kwenye kodi za wapangaji. Mji wenyewe ulikuwa unapoteza watu: mwaka 1950 ulikuwa na wakazi zaidi ya 850,000, na mwaka 1970 walikuwa wamebaki karibu 620,000. Viwanda vilihama, wenye uwezo wakahamia pembezoni, fleti zikabaki tupu, na kodi haikutosha kulipa mafundi. Kanuni za misaada zikawafukuza akina baba wenye nguvu za kufanya kazi, kwa sababu familia yenye baba nyumbani ingeweza kunyimwa msaada. Lifti zilichorwa zisimame kwenye baadhi ya ghorofa tu, na zilipoharibika zilikaa hivyo. Mabomba yakapasuka wakati wa baridi. Mamlaka ikapandisha kodi kuziba pengo, na mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma wa mji ule wakagoma kulipa kwa muda wa miezi tisa. Mwaka huohuo bunge la Marekani likaweka ukomo: kodi ya nyumba za umma isizidi asilimia 25 ya kipato cha mpangaji. Kwa Pruitt-Igoe ukomo huo ulikuja umechelewa.

Jengo lile halikuuawa na aliyelichora wala na waliokaa ndani yake. Liliachwa bila fedha za mtu kama wewe na bila fundi wa kumtuma.

Sasa ligeuze upande wa pili. Vienna, mji mkuu wa Austria, una jengo liitwalo Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na fleti 1,382. Lilipigwa mizinga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1934, likapita kwenye vita kuu, na mpaka leo watu wanaishi humo. Manispaa ya Vienna inamiliki fleti zipatazo 220,000. Si kwamba Waaustria wana mapenzi ya pekee kwa maskini. Mwaka 1923 mji ule uliweka ushuru maalumu wa ujenzi wa makazi, wenye viwango vilivyopanda kadiri nyumba ilivyokuwa ya kifahari, na ukaendelea kuzihesabu nyumba za umma kama mali ya mji inayotunzwa, ikiwa ni pamoja na sehemu za kufulia nguo, shule za awali na maktaba zilizojengwa humo humo. Karl-Marx-Hof lilifanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 1989 na 1992, lilipokuwa linakaribia umri wa miaka 60. Katika umri huo majengo mengi ya umma duniani hupigwa muhuri wa kubomolewa.

Nyumba ya umma haimalizwi siku ya kukata utepe. Inajengwa tena kila bomba linapozibwa kabla halijaozesha ukuta, kila mkataba unapohamishwa kwa mjane badala ya kumtupa nje, kila ugomvi wa ngazini unapoamuliwa kabla haujawa wa visu. Hiyo ndiyo kazi uliyoieleza mwenyewe katika mistari ya kwanza ya barua yako, ukaieleza kama mtu anayeomba radhi. Familia yenu ilisoma kwa sababu kulikuwa na afisa fulani, ambaye huenda hamkumjua hata jina, aliyehakikisha kodi inabaki pale mlipoweza kuilipa na maji yanafika bombani.

Kazi hiyo ina ukoo wake. Mwaka 1865, London, mwanamke kijana aitwaye Octavia Hill alikabidhiwa nyumba tatu chakavu katika eneo la Marylebone, zilizonunuliwa na mwandishi John Ruskin. Ruskin alitaka faida ya asilimia tano kwa mwaka, si zaidi. Octavia alikwenda kukusanya kodi mwenyewe kila wiki, mlango kwa mlango, na katika ziara hizohizo akaona bomba lililovunjika, ngazi iliyooza, mtoto mgonjwa. Fedha zilizobaki baada ya ile asilimia tano zilitumika kwa matengenezo ambayo wapangaji wenyewe waliyaomba. Aliwafundisha wanawake wengine kazi hiyo mpaka ikawa taaluma, na mwaka 1916, baada ya kifo chake, waliofuata njia yake wakaunda chama cha kitaaluma. Sikupi mtakatifu wa kumsujudia. Alikuwa mkali sana kwa wenye madeni, alipinga serikali za mitaa kujenga nyumba za umma, na mengi aliyowaambia maskini kuhusu tabia zao yangekukera, kama yanavyonikera mimi. Lakini aliona jambo ambalo wakuu wako wamelisahau: anayepokea kodi ndiye anayejua nyumba inaumwa wapi, na akinyimwa uwezo wa kuitibu, anageuka kuwa mdai tu. Hapo ndipo ulipofikishwa. Naamini uchovu wako unatoka huko. Kazi yenyewe haijakosa maana, ila umenyang'anywa ile nusu yake iliyokuwa inakupa nguvu ya kuifanya nusu ya kudai.

Na hapa niseme neno kwa ukali kidogo. Maana ya kazi isitumike kukunyamazisha. Waajiri wengi hupenda watumishi wenye wito, maana mwenye wito huvumilia mshahara mdogo na bajeti iliyokatwa, kisha usiku hujilaumu mwenyewe badala ya kumuuliza aliyekata bajeti. Ukungu wa chumba cha yule mtoto si wako. Ni wa aliyesoma ripoti yako akaleta rangi.

Ila ripoti zile ni zako, na nataka uzichukulie kwa uzito kuliko unavyozichukulia. Juni 14, 2017, jengo la umma la ghorofa 24 liitwalo Grenfell liliungua London na watu 72 wakafa. Moto ulipanda kwa kasi kwenye vibao vya nje vilivyowekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka mmoja tu kabla yake. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu usalama wa moto na jinsi jengo lilivyosimamiwa. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotoka Septemba 2024, ilieleza jinsi uhusiano kati ya wasimamizi na wapangaji ulivyojaa kutoaminiana, mpaka waliosema sana wakaonekana wasumbufu tu. Kwa hiyo kila malalamiko unayoyapokea, yaandike kwa tarehe, namba ya fleti na picha. Ripoti ya ukungu uiandike upya, utaje kwamba mtoto ana pumu, umwombe mama yake barua ya daktari uiambatishe, uandike wazi kwamba kupaka rangi hakukuondoa tatizo, kisha uipeleke kwa mkuu wako na nakala kwa anayehusika na afya na usalama. Karatasi ya namna hiyo haipakwi rangi kirahisi.

Tuje kwenye kubomoa.

Swali ambalo huenda halijaulizwa na mtu yeyote ofisini kwenu ni hili: je, lazima kubomoa? Huko Bordeaux, Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao, walipewa majengo matatu ya umma ya miaka ya 1960 yenye fleti 530. Hawakuyavunja. Waliyaongezea mbele roshani pana zilizofunikwa kwa vioo, wakaweka lifti mpya, wakakarabati mabomba na umeme, na wapangaji wakabaki majumbani mwao muda wote wa ujenzi. Gharama ilikuwa chini kuliko ya kubomoa na kujenga upya. Mwaka 2021 wawili hao walipewa tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu wa majengo huiona kuwa ya juu kabisa. Si kila jengo linaweza kuokolewa hivyo. Yapo ambayo nguzo zake zimekwisha. Lakini mwenye kutaka kubomoa ndiye anayepaswa kuleta ripoti ya mhandisi inayosema hivyo, na wewe una haki ya kuiomba kabla hujabisha hodi kwa mtu.

Tena kubomoa kwenyewe si dhambi. Singapore, ambako takriban watu wanane katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na bodi ya makazi ya taifa, ilianzisha mwaka 1995 mpango wa kuvunja baadhi ya mitaa ya zamani. Wenye nyumba walipewa nafasi ya kuhamia fleti mpya karibu na pale pale, zenye hati mpya ya miaka 99, na majirani wangeweza kuhama pamoja. Angalia mpangilio wake: nyumba mpya kwanza, kuhama baadaye, kuvunja mwisho. Nyinyi mmeambiwa muanze na saini ya kuhama.

Mahali pengine mpangilio huo ulipogeuzwa, tunajua kilichofuata. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilianza mpango mkubwa wa kubomoa mitaa ya umma na kujenga mitaa mipya yenye mchanganyiko wa wapangaji na wanunuzi, mpango unaofanana sana na ulioueleza. Mwaka 1995 ile sheria iliyodai kwamba kila nyumba ya umma inayovunjwa ijengwe nyingine ya kuifidia ikasimamishwa, na baadaye ikafutwa. Nyumba nyingi za umma zilivunjwa kuliko zilizojengwa, na wengi waliohamishwa hawakurudi. Wapangaji wa Chicago waliliona hilo likija. Walisukuma mpaka wakapata mkataba wa maandishi wa haki ya kurudi kwa kila aliyekuwa mpangaji halali tarehe 1 Oktoba 1999. Nyumba 25,000 walizoahidiwa ndani ya miaka kumi zilichelewa mno, na wengine wakazeeka au kufa wakiwa wanasubiri. Hata hivyo waliokuwa na mkataba ule walikuwa na cha kushika mbele ya hakimu. Mtu aliyeambiwa atapewa kipaumbele hana cha kushika.

Ndiyo maana nakuambia usikusanye hata saini moja kwa fomu ile ilivyo. Mwandikie mkuu wako barua, ya heshima na fupi, wala usiende kumwambia kwa mdomo. Mwambie unataka kuifanya kazi hii vizuri na kwamba wapangaji wanakuuliza mambo ambayo fomu haiyajibu: kama kila kaya iliyopo leo ina haki ya kurudi au la, na kama kodi itaendelea kukokotolewa kwa kanuni ileile. Uliza watakaa wapi ujenzi ukiendelea na nani atalipa tofauti ya kodi na gharama za kuhama mara mbili. Uliza nyumba ngapi kati ya mpya zitabaki za umma, kwa muda gani, na kampuni ile ikifilisika katikati nani atamalizia. Swali hilo la mwisho watu hulisahau, na mie naliona zito kuliko yote, kwa sababu fedha za nyumba za umma zimefungwa kwenye mauzo ya nyumba za soko. Soko likilala, za kwanza kukatwa huwa zile zisizo na mnunuzi. Omba majibu yawe sehemu ya fomu yenyewe.

Jibu litakalokuja ndilo litakaloamua suala la kubaki au kuondoka. Wakikubali kuyaandika, baki. Utakuwa umewafanyia wapangaji wale jambo ambalo hakuna mkandarasi angeweza kulifanya, na watahitaji mtu wa ndani atakayesimamia mpaka kaya ya mwisho irudi. Wakikuambia kwa maandishi kwamba hawana uhakika, basi waambie wapangaji hivyohivyo, na uombe kupangiwa kazi nyingine wakati mpango unapoiva. Wakikulazimisha uwaambie watu kwamba watarudi huku wakikataa kuliandika hilo, ondoka. Kuondoka namna hiyo si usaliti, na mdogo wako aambiwe hivyo kwa upole. Deni lenu kwa nyumba za umma halikudai uwe mtu wa kuzimalizia.

Sitaki pia uifikirie kazi ya rafiki yako kama shimo la walafi. Watu wanaonunua nyumba nao wanahitaji mtu mkweli upande wa pili wa meza. Mshahara mara mbili ni ada ya shule na usingizi wa mume wako, si jambo dogo. Ila jiulize kitu kimoja kabla hujakubali: huko utaruhusiwa kufanya nini nyumba zikishauzwa? Katika barua yako yote sikuona mahali unaposema unatamani kujenga. Umeandika juu ya mabomba, mtoto, bibi, mikataba. Nadhani wewe ni mtu wa kutunza. Ukiwekwa mahali ambapo kazi huisha siku ufunguo unapokabidhiwa, huenda baada ya muda ukaniandikia barua kama hii, ila ikiwa na mshahara mzuri zaidi. Kama kampuni ile ina idara ya usimamizi wa majengo baada ya mauzo, omba uwekwe huko.

Kuhusu bibi, usingoje majibu ya ofisi. Nenda kwake wiki hii. Mwambie kwamba fomu kama ilivyo haimhakikishii kurudi, kwamba umeuliza kwa maandishi, na kwamba hapaswi kutia saini mpaka aone jibu. Umwambie pia asikae na swali hilo peke yake. Wapangaji wakichagua kamati na kuuliza kwa barua moja yenye majina ya kaya zote, mamlaka italazimika kuwajibu wao moja kwa moja, nawe hutabaki mjumbe wa pande mbili. Kumweleza mpangaji kilichomo kwenye karatasi anayoombwa kuisaini ni wajibu wa afisa makazi, na atakayekuhoji kwa hilo mwombe akuandikie katazo hilo kwa mkono wake.

Kisha iandikie ile kampuni leo, kabla mwezi haujakubana. Washukuru, waombe wiki chache zaidi, waeleze kwamba kuna jukumu la wapangaji unalotakiwa kulikamilisha au kulikabidhi vizuri. Kampuni inayokutaka kwa dhati itasubiri. Ikikataa kusubiri, uamuzi wako uufanye kwa jibu la mkuu wako, si kwa kalenda yao.

Shangazi yako